Mvi zilizogeuka hati ya mashtaka

*Kilifi hadi Usukumani, wazee wamekuwa wakiuawa kwa kisingizio cha uchawi. Panga huja mwisho. Kabla yake kuna shamba, msiba, moshi wa jikoni, na maneno ambayo majirani waliyasikia wakanyamaza.*

Katika vijiji vya Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wapo wazee wanaopaka nywele zao rangi nyeusi. Hawajipambi, wala hawaendi harusini. Wanaficha mvi.

Zamani mzee wa Kigiriama mwenye kichwa cheupe alikuwa mtu wa kuamkiwa kwanza, kuwekewa kigoda kivulini na kuulizwa mpaka wa shamba ulipita wapi. Leo kichwa hicho hicho kinatosha kumfanya aitwe *mutsai*, yaani mchawi. Mtoto akiugua ghafla, kijana akipata ajali ya bodaboda, ndoa ya mjukuu ikivunjika, macho ya watu huelekea nyumba ya mwenye mvi. Baada ya macho huja minong'ono. Baada ya minong'ono, usiku mmoja, huja watu na mapanga.

Haki Yetu, shirika la kutetea haki za binadamu la Mombasa, limeeleza kuwa takriban mzee mmoja huuawa kila wiki katika ukanda wa Kilifi kwa jina la uchawi. Wanaonusurika hubaki na makovu maisha yao yote, na wengi hawathubutu tena kulala katika nyumba walizozijenga kwa mikono yao.

Linaloumiza zaidi ni kwamba wavamizi mara nyingi hawatoki mbali. Wanaofuatilia mauaji haya wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba njama nyingi huanza ndani ya ukoo, mezani pa watu wanaomwita marehemu baba, babu au nyanya.

KWA UFUPI

- Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa aina fulani kila mwaka.
- Kisa 1 tu kati ya 24 ndicho kinachoripotiwa.
- Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa.
- Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee ilianza kutumika Novemba 2024.

Shamba nyuma ya tuhuma

Ili kuelewa kwa nini mvi zimekuwa hatari Kilifi, inabidi kuanza na udongo.

Pwani ya Kenya ina mgogoro wa ardhi wa miaka mingi. Familia nyingi zinaishi na kulima mahali ambapo hazina hati, na hata pale hati ilipo, mara nyingi imeandikwa jina la mzee mmoja kwa niaba ya ukoo mzima. Mzee huyo ndiye anayejua nani alipewa kipande gani, na bila kidole chake kwenye karatasi hakuna kinachouzwa.

Wakati huohuo bei ya viwanja imepanda, hasa karibu na bahari na kandokando ya barabara kuu. Vijana wasio na kazi wanamwona mnunuzi akifika na gari, anapima, anataja bei, kisha anaondoka mikono mitupu kwa sababu babu amekataa. Babu anasema ardhi ni ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Mjukuu aliyekwisha kuzaliwa anaona milango yote imefungwa.

Hapo ndipo neno "mchawi" linapopata kazi. Anayemuua babu yake kwa sababu ya ekari tatu ni muuaji machoni pa kijiji kizima. Anayeua "mchawi" huonekana amewaokoa wengine. Watu wanafunga milango, hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia, na polisi wakifika hawapati shahidi hata mmoja. Tuhuma ya uchawi inamwondoa mwenye ardhi na papo hapo inawaziba mdomo majirani.

> *Tuhuma ya uchawi inamwondoa mwenye ardhi na papo hapo inawaziba mdomo majirani.*

Si kila tuhuma ni ya kubuni kwa ajili ya shamba. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba ndugu yao amerogwa, na kwao msiba uliotokea ni wa kweli na uchungu wake ni wa kweli. Mganga anapowatajia mtu, hawaoni kwamba wanadanganywa. Ndiyo maana mwenye tamaa hupata urahisi wa kujificha nyuma ya mwenye huzuni.

Usukumani, macho mekundu

Kilifi haiko peke yake. Katika Kaunti ya Kisii, magharibi mwa Kenya, watu 11 walichomwa moto hadi kufa mwezi Mei 2008 wakituhumiwa kuwa wachawi. Wengi wao walikuwa vikongwe. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa namna hiyo hiyo huko Marani, katika kaunti hiyo hiyo.

Nchini Tanzania historia hii imeandikwa kwa takwimu nzito zaidi. Takwimu za serikali zilizochambuliwa na mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinaonyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 karibu watu 3,700 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Takriban watatu kati ya kila watano waliuawa Usukumani, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ya wakati huo. Na huko Usukumani walio wengi walikuwa wanawake.

Mauaji hayakuishia hapo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa takriban watu 3,000 waliuawa nchini kwa imani za kishirikina kati ya 2005 na 2011.

Kwa nini bibi wa Kisukuma? Mojawapo ya majibu yako jikoni. Sehemu kubwa ya Usukumani ilifyekwa miti enzi za ukoloni ili kuwaondoa mbung'o na kupata mashamba ya pamba. Kuni zilipoadimika, wanawake waliwasha moto kwa samadi kavu ya ng'ombe na mabua, wakiwa wameinama katika jiko la mafiga matatu, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Miaka 40 ya moshi huo huacha macho mekundu. Na macho mekundu, kwa imani iliyoenea, ni alama ya mchawi.

Fikiria maana yake. Mwanamke amepikia watoto, wajukuu na wageni wa nyumba hiyo kwa maisha yake yote, kisha alama aliyoachiwa na kazi hiyo inageuzwa ushahidi dhidi yake.

Jibu la pili ni la urithi. Mjane asiye na mtoto wa kiume anaendelea kukaa kwenye shamba la marehemu mumewe huku shemeji na wapwa wakilitazama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamlinda mwanamke anayemiliki ardhi kijijini, lakini sheria iko kwenye kabati la ofisi, na shemeji yuko upande wa pili wa ua. Lipo pia kundi lililojulikana kama wakata mapanga, vijana waliokodiwa kuua kwa malipo. Palipo na malipo yupo aliyelipa, naye mara nyingi alikuwa na jambo la kupata.

Serikali ilipotumia nguvu

Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha operesheni kali Mwanza na Shinyanga ya kuwasaka waliohusika na mauaji ya vikongwe. Nia ilikuwa kuwalinda wanyonge. Lakini washukiwa waliteswa wakiwa mahabusu, na baadhi yao wakafa. Mapema mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na ambaye baadaye alikuja kuwa Rais, alijiuzulu ili kuwajibika kisiasa.

Wengi hukumbuka kujiuzulu huko kama mfano wa uwajibikaji. Wachache hukumbuka kilichokuwa chanzo chake: vikongwe waliokuwa wakiuawa vijijini. Mauaji hayo yaliendelea baada ya operesheni. Miaka ya mwanzo ya 1980 lilipoibuka jeshi la jadi la sungusungu kupambana na wezi wa mifugo, baadhi ya vikundi vyake viliwageukia pia wanawake waliotuhumiwa kuwa wachawi.

Kilichofanya kazi baadaye kilikuwa cha kimya zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la HelpAge na wadau wa huko huko, likiwamo shirika la MAPERECE la wilayani Magu, waliingia vijijini na vitu vinavyoonekana vidogo: majiko sanifu yasiyojaza moshi, nyumba zenye milango inayofungika, wasaidizi wa kisheria waliofundishwa mirathi na wosia, na mikutano ambayo wanaume na vijana walizungumzia ugonjwa na kifo mbele ya watu. Viongozi wa sungusungu na waganga walihusishwa. Katika vijiji vilivyofikiwa, wahusika waliripoti kupungua kwa mauaji.

Jiko halimwondolei mtu imani ya uchawi. Lakini linapunguza idadi ya wanawake wenye macho mekundu, na wosia unapunguza idadi ya watu wanaofaidika na kifo cha mjane.

Ngazi yenye vipandio vingi

WHO inaeleza ukatili dhidi ya wazee kuwa ni kitendo, cha mara moja au cha kujirudia, au kutotenda lililopasa kutendwa, ndani ya uhusiano ambao mzee alikuwa na haki ya kumwamini mwenzake, kinachomletea madhara au mateso. Maneno "kumwamini mwenzake" ndiyo kiini. Anayekusudiwa hapo ni mtu aliye na ufunguo wa nyumba.

Ukatili huo una sura tano kubwa: kupiga, kutesa kwa maneno na vitisho, kudhulumu mali, ukatili wa kingono, na kutelekeza. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi 28 ndizo zilizoipa WHO makadirio ya mtu mmoja kati ya sita. Katika nyumba za kulea wazee, ambazo ni nyingi zaidi Ulaya na Marekani, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri kumtendea ukatili mzee katika mwaka uliotangulia. Kwa hiyo ni makosa kudhani hili ni janga la vijiji vya Afrika pekee.

Wanaofanya kazi na wazee hulitazama suala hili kama ngazi. Panga liko juu kabisa. Chini yake kuna bibi anayepewa chakula cha mwisho na kilichopoa. Kuna babu anayesemeshwa mbele ya wageni kama mtoto. Kuna mama mkwe aliyehamishiwa chumba cha stoo "ili apumzike". Kuna simu ya mzee inayokaa kwa mjukuu. Ni vigumu kupata mji au kijiji ambako vipandio hivi vya chini havipo, na wengi wetu tumewahi kukaa sebuleni kimya mojawapo ya mambo hayo yakitendeka.

Namba ya siri iko kwa nani?

Fedha ni mojawapo ya vipandio hivyo. Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, humlipa mzee wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni nyingine Sh2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, ikimpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi Sh20,000 za Tanzania kwa mwezi, kiwango kilichopandishwa baadaye. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Kaya maskini husaidiwa kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF).

Fedha hizi zimewarudishia wazee wengi heshima. Bibi anayenunua sukari ya nyumba hatukanwi kirahisi. Lakini mzee asiyeona vizuri au asiyejua kusoma humtegemea mtu mwingine kwa kadi, simu na namba ya siri. Anayetumwa kwa wakala anaweza kurudi na nusu ya fedha, au na maelezo kwamba "mtandao umesumbua". Mzee hana pa kushtaki, kwa sababu anayemwibia ndiye anayempikia.

Anayelea naye amechoka

Upande wa pili wa hadithi hii husikika mara chache. Mzigo wa kulea wazee umewaangukia mabinti na wakamwana, wengi wao wakiwa na watoto wadogo na biashara ya genge au ya mitumba. Kaka zao walio mjini hutuma fedha kidogo na lawama nyingi. Mwanamke anayemgeuza mgonjwa kitandani mara nne usiku, bila nepi za watu wazima, bila glavu, bila wa kumpokea hata siku moja, anaweza kufikia mahali akafoka, au akamwacha mzee na njaa.

Kusema hivyo hakumwondolei mtu hatia, ila kunaonyesha mahali pa kuzuia. WHO inautaja msongo wa mlezi na ulevi miongoni mwa mambo yanayopaswa kuangaliwa mapema.

Kisha kuna dimenshia, ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu. Mgonjwa huamka usiku wa manane akazunguka nje. Huzungumza na watu waliokwisha kufa. Huvua nguo asipojua yuko wapi, au huingia uani kwa jirani akidhani ni kwake. Daktari akiziona dalili hizo atajua ni maradhi. Katika kijiji chenye msiba mpya, ajuza aliyekutwa uchi uani kwa watu alfajiri hana wa kumtetea. Hakuna anayejua ni wangapi walioitwa wachawi walikuwa wagonjwa tu.

Sheria ya 1925 na ya 1928

Kuhusu nini kifanyike, wanaowatetea wazee wenyewe hawako kambi moja.

Mabishano ya kwanza ni juu ya sheria. Kenya inatumia Sheria ya Uchawi ya 1925 na Tanzania ya 1928, zote za mkoloni. Wapo wanaotaka zifutwe. Wanasema sheria inayomwadhibu mtu kwa uchawi inaupa uchawi muhuri wa serikali. Sheria ya Tanzania inafika hadi kumruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu anayeshukiwa akaishi mahali pengine, na huo, kwa hoja yao, ni ushindi kwa anayemtaka aondoke.

Wengine wanajibu kwamba sheria hizo hizo zinamfanya mkosaji yule anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa anapopeleka malalamiko kwa mamlaka. Kifungu hicho ni miongoni mwa silaha chache za kumkamata mtu kabla damu haijamwagika. Tatizo, wanasema, ni kwamba hakitumiki: tuhuma hutamkwa hadharani, msibani, mbele ya viongozi wa kijiji, na hakuna anayefikishwa mahakamani.

Waganga nao wana hoja yao. Waliosajiliwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 nchini Tanzania hulalamika kuwa wanachafuliwa na wapiga ramli chonganishi na makundi kama lambalamba, yanayozunguka vijijini yakilipwa "kuwafichua" wachawi. Serikali imepiga marufuku ramli hizo mara kadhaa. Zingali zinapigwa.

Kimbilio au uhamisho?

Mabishano ya pili yanahusu hifadhi. Huko Ganze, Kilifi, kituo cha Kaya Godoma kimewapokea wazee waliotishiwa kuuawa. Wanaokiunga mkono wana hoja isiyopingika: mzee aliye hai kituoni ni bora kuliko kaburi jipya nyumbani.

Lakini kila mzee anayekimbilia huko anaacha nyuma shamba, minazi na mikorosho. Aliyemtisha anabaki. Anavuna. Njia yake ikionekana imefanikiwa, jirani yake naye anajifunza. Ndiyo maana wapo wanaosisitiza kwamba hifadhi iwe ya muda, na iende pamoja na kesi dhidi ya waliotishia, usuluhishi wa wazee wa kaya, yaani baraza la wazee wa kimila, na kinga ya ardhi ili isiuzwe wakati mwenyewe hayupo. Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, zamani walipeleka tuhuma za *utsai*, yaani uchawi, mbele ya wazee wa kaya, wakaziamua kwa kiapo. Kijana aliyeamua mwenyewe usiku kwa panga hana mila ya kujifichia.

Ulinzi wa kisheria umeongezeka. Zanzibar ilitunga sheria ya masuala ya wazee mwaka 2020. Mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio dhidi ya ukatili unaotokana na tuhuma za uchawi, na Itifaki ya Umoja wa Afrika inazitaka nchi wanachama kupiga marufuku vitendo vya jadi vinavyowadhuru wazee, tuhuma za uchawi zikiwamo. Hizo ni karatasi nzuri. Chifu wa Ganze na mtendaji wa kijiji wa Magu ndio wataamua kama zitafika mlangoni.

Kabla ya arobaini

Juni 15 kila mwaka ni siku ya dunia ya kupaza sauti dhidi ya ukatili kwa wazee. Kwa msomaji aliye na mzazi, bibi au shangazi kijijini, si lazima kuisubiri.

Safari ijayo, tafuta saa moja ya kukaa naye peke yake, bila anayemtunza kuwepo. Muulize nani anashika simu na kadi yake. Muulize hati ya shamba iko wapi na kama ameandika wosia. Tazama alama mwilini, uzito uliopungua ghafla, hofu anapoingia mtu fulani, chumba anacholala. Ukiona anasahau kupita kiasi, mpeleke hospitali, kisha waeleze majirani kwamba ni mgonjwa. Na anayemlea, mpumzishe. Mlipie msaidizi au ushike zamu mwenyewe.

Na ukiwa msibani ukasikia jina la mzee likitajwa kuwa ndiye aliyeua, usingoje hadi arobaini. Siku hiyo hiyo mwendee chifu au mtendaji, dawati la jinsia la polisi au afisa ustawi wa jamii; kwa walio Kenya, piga simu ya msaada 1195. Kisha umhamishe mzee huyo alale kwa mtu unayemwamini usiku huo.